Nzombo Juu ya Meza ya Darasa

Yanonge, tarehe 21 Januari 2024

Arthur,

Siandiki "mdogo wangu mpendwa", maana leo hupendwi. Salamu utazipata siku nyingine, ukistahili.

Jana baleinière ya Papa Assumani ilifika kutoka Kisangani, na kabla hawajafunga kamba abiria walishaanza kucheka wakiniangalia. Nilikuwa bandarini na mashemasi wangu wawili, tunangoja saruji ya kanisa. Mama mmoja wa mtaa wako wa Mangobo akapaza sauti: "Pasta! Leki yako, mudogo yako ya mwalimu, alipasua nzombo ku masomo, akaambia batoto: muangalie muzuri, huyu ndjo nkoko, babu yenu! Na mutoto yako Déborah ndjo alishika kisu!" Bandari nzima ikacheka. Mashemasi wangu waliangalia maji.

Nilikupa mwanangu kwa sababu Yanonge hatuna shule ya bio-chimie. Nilisema: alale kwa tonton yake, yaani wewe baba yake mdogo, ale lituma ya ndizi ya kwake, asome, afanye Exetat, mtihani wa taifa, mwaka huu, awe daktari akitaka. Mtoto wa pasta akaenda mjini na Biblia kwenye begi, nawe ukampa kisu na samaki.

Wala usiniambie hukujua. Katika ukoo wetu nzombo, yule samaki wa matopeni, alikuwa ekila, mwiko. Wazee walisema anapumua kama mtu, kwamba ni ndugu yetu mkubwa aliyebaki majini, na atakayemla anaua mmoja wa nyumba yake. Walimmwagia pombe ya masanga kwenye mdomo wa kijito. Watu wazima waliapa kwa jina la samaki! Mimi ndiye niliyekata kamba hiyo. Siku tulipofungua kanisa, mwaka 2009, nilipika nzombo mbele ya watu wote, nikawaambia: kama ekila ni kweli, tutaona, nikala mpaka mchuzi. Wewe ulikuwepo, ulikaa mstari wa nyuma na viatu vyako vya chuo kikuu.

Sasa unarudisha kwa mlango wa nyuma kile nilichotupa kwa mlango wa mbele. Wazee walikisema kwa masanga, wewe unakisema kwa chaki. Tofauti ni bei ya kinywaji.

Nataka hivi. Usimame mbele ya darasa lile lile, Déborah akisikia, useme kwamba Mungu aliumba mtu akiwa mtu na samaki akiwa samaki, na kwamba hayo ya kwako ni théorie tu. Usipofanya, nitakuja kumchukua mtoto wangu, Exetat au si Exetat.

Yaya yako, kaka mkubwa,
Pasta Émile


Mangobo, 30 Januari 2024

Yaya Émile,

Barua yako ilinikuta nasahihisha madaftari, na kwa mazoea ya kazi nikaisahihisha nayo. Umepata sifuri, lakini mwandiko ni mzuri.

Sikusema nkoko. Mama wa baleinière alisikia alichotaka kusikia, nawe ukanunua bila kupima. Nilisema kwamba sisi na nzombo tuna babu mmoja, wa zamani kuliko unavyoweza kuwaza, kama vile wewe na watoto wa Tonton Papy mna babu mmoja. Je, mtoto wa Tonton Papy ni babu yako? Hata mbuzi wa Yanonge wanaelewa hilo.

Nikueleze kilichotokea, kwa kuwa hukuwepo na hukuuliza. Nilimnunua nzombo mzima sokoni Mangobo, kwenye beseni. Nilimlaza juu ya meza ya darasa. Déborah alimpasua kwa mkono mzuri, bila kutapika kama wavulana wawili wa nyuma. Ndani tukatoa mifuko miwili mirefu. Nikamwambia achukue kalamu ya Bic, atoe wino, aweke lile bomba kwenye shimo na kupuliza. Ile mifuko ikajaa hewa mbele ya macho yetu. Darasa la watu sitini likanyamaza, Yaya, na wewe unajua darasa la Mangobo halinyamazi hata akipita gavana. Samaki ana mapafu. Sikuyaweka mimi.

Na hiyo "théorie tu" yako! Unaitumia kama mama sokoni anavyosema "ni uvumi tu". Kwetu théorie si fununu. Ni maelezo yaliyopigwa maswali na watu wengi, wengine maadui, na bado yamesimama. Tena yanasema mapema yatakavyoweza kuanguka. Mtu akileta kesho mfupa wa mbuzi kutoka kwenye mwamba wa zamani kuliko samaki wa kwanza, nitafunga kitabu na kuja kuimba kwaya kwako. Watu wanachimba duniani kote, na mfupa huo haujaja.

Sasa niambie wewe: ni kitu gani, kikionekana, kitakufanya useme "nilikosea"? Kama hakipo, sema ni imani, uihubiri kanisani, nitakuheshimu. Lakini usiilete kwangu ukiivika koti la maabara.

Sitasimama mbele ya darasa kusema uongo. Na Déborah hatoki hapa kabla ya Exetat. Ni wa kwanza darasani. Ukija kumchukua, utanikuta mlangoni.

Mdogo wako,
Arthur


Yanonge, 11 Februari 2024

Arthur,

Umeniandikia kama mtu anayemwandikia mtoto wa mwaka wa kwanza. Sawa. Mtoto huyo ndiye aliyekulipia mwaka wa kwanza wa chuo.

Uliniuliza swali, nakujibu bila kuzunguka. Kitu gani kitanifanya niseme nilikosea? Hakuna. Na sioni haya. Nimezika watu kwa imani hii, nimewashika mkono wakikata roho. Unataka niwaambie nini: subirini, huenda kesho mtu atachimba mfupa? Imani inayokwenda kwenye mtihani kila mwaka haiwezi kumshika mtu anayekufa.

Kuhusu mapafu. Fundi mmoja akichonga mitumbwi miwili, utakuta alama za shoka moja kwenye yote miwili. Je, mtumbwi mmoja umezaa mwingine? Aliyenipa mimi mapafu alimpa na nzombo, maana alimweka matopeni. Nimefurahi kusikia darasa lilinyamaza. Lingenyamaza pia kama ungewaambia ni nani aliyeyatengeneza.

Na sasa mimi nina swali. Unajisifu kwamba théorie yako inakubali kuulizwa. Hivyo kwa nini ulimpa mwanafunzi wako Fadhili sifuri? Ndiyo, nimesikia. Kijana yule aliandika kwenye interrogation, jaribio lako la darasani: "Mwalimu anasema hivi, mimi siamini, na sababu zangu ni hizi." Ukaweka sifuri kwa wino mwekundu, na neno "ujinga" pembeni. Mimi kanisani kwangu mtu akiniambia haamini, namketisha, nampa maji ya kunywa. Nani kati yetu ni pasta, na nani ni mwalimu?

Unachukia kusikia, lakini nitasema: umepata dini. Ina madhabahu, ambayo ni ile meza yako, na mnyama wa kuchinja, na binti yangu umemfanya shemasi.

Nimeandikia kamati ya shule. Shule ile ni ya kanisa letu, na mimi ni mjumbe wa kamati. Nimewaeleza yote. Sikujificha, nimetia sahihi jina langu lote.

Baada ya Pasaka nitakuja kumchukua Déborah.

Émile


Mangobo, 24 Februari 2024

Yaya,

Hongera, kamati yako imenisimamisha. Préfet, mkuu wa shule, alinipa barua huku anaangalia dirishani. Kilichowaudhi, nimeambiwa, si programu ya Serikali, maana sura ile ya evolution imo kwenye programu ya Serikali na inaulizwa kwenye Exetat. Kilichowaudhi ni samaki. Mahali pangu wameweka mwalimu wa dessin, ambaye aliwaambia wanafunzi waruke sura nzima, wachore ua. Kwa hiyo watoto wa mwaka wa sita wa Mangobo watakwenda kwenye mtihani wa taifa na kurasa tupu na maua mazuri. Asante kwa kazi ya Bwana.

Fadhili aliulizwa mapafu yanafanya nini. Hakuulizwa anaamini nini. Basi.

Kuhusu Déborah, nakwambia mapema usije ukaumia baadaye: mtoto huyu yuko upande wangu. Alishika kile kisu mbele ya darasa zima bila kutetemeka. Nikawaambia wenzake: mnaona, mtoto wa pasta haogopi ekila. Wakapiga makofi. Amekwisha kuchagua, Yaya. Wewe tu ndiye hujapata habari.

Kwa kuwa unapenda kuandika majina yote, na mimi niandike lote. Unasema uliiua ekila siku ile ya kufungua kanisa. Ulisimama na sahani, ukasema "tutaona". Tuliona. Ulikula nzombo, na Mama akafa kabla mvua hazijaisha. Hilo linasemwa katika kila nyumba ya ukoo wetu, kwa sauti ndogo, na linakoma ukiingia. Unajua kwamba linasemwa. Ndiyo maana mimi nikimweka samaki mezani, wewe unatetemeka huko Yanonge. Si Biblia unayoitetea, ni usingizi wako.

Déborah anakuja kumwona mama yake, tumesikia homa imemlaza. Barua hii nampa yeye mkononi, imefungwa. Jumatatu arudi na mashua ya kwanza. Wiki hiyo hiyo wanaanza marudio.

Arthur


Yanonge, 3 Machi 2024

Arthur,

Barua imefika.

Umekaa mjini mpaka umesahau namna barua inavyosomwa kwetu. Barua ya ndugu haisomwi chumbani. Inasomwa kwa sauti mbele ya watu wa nyumba, na anayesoma ni mtoto aliyesoma kuliko wengine. Wewe mwenyewe ulikuwa unamsomea Baba, ukisimama pale karibu na mlango, unajivuna.

Basi Déborah alisimama pale pale. Mashemasi wangu walikuwepo, walikuja kumwombea mke wangu. Rosine alikuwa kitandani, mlango wazi, asikie habari za mtoto wake. Mtoto alisoma vizuri, kwa sauti ya shule. Alisoma habari ya kisu na makofi. Alipofika kwa Mama alinyamaza. Nikadhani ameshindwa na mwandiko wako, nikamwambia: endelea, mwanangu, usiogope. Akaendelea. Hakuruka neno hata moja.

Alipomaliza aliikunja barua, akaiweka juu ya meza, akaenda jikoni kumpikia mama yake uji. Mashemasi wakaaga.

Nilijua watu wanasema. Sikujua kwamba nitasomewa na mwanangu.

Hatarudi kwako. Exetat hafanyi. Usiandike tena.

Émile


Mangobo, 25 Machi 2024

Yaya Émile,

Naandika, kwa sababu Exetat haingoji hasira yako.

Nilichoandika juu ya Mama hakikufaa kuandikwa. Nimesema, na usitegemee niseme mara mbili. Sikukumbuka mambo ya kusoma kwa sauti. Niliona bahasha tu na jina lako juu yake, nikawaza nitakavyokuumiza wewe. Yeye sikumwona, ingawa alikuwa amesimama mbele yangu na begi mgongoni.

Lakini wewe nawe acha kujifanya mfiwa peke yako. Unamwadhibu mtoto kwa kalamu yangu. Hors-session, sehemu ya kwanza ya Exetat, inaanza mwezi ujao. Asipoandika dissertation, ile insha, hana haki ya kuendelea na sehemu nyingine, mwaka wake umekwisha. Jina lake limo kwenye kituo cha hapa, na namba ya meza imetoka. Miaka sita, Yaya! Amesoma miaka sita, na mwaka wa mwisho alisoma kwa taa ya simu yangu.

Ulitaka nisimame mbele ya darasa. Nitasimama. Nimeongea na préfet, atanipa nusu saa. Nitasema maneno yako yote, neno kwa neno, na ukitaka tuma shemasi asikilize. Wavulana watanicheka mpaka sokoni. Nitasema, na nzombo ataendelea kuwa na mapafu. Lakini nitasema.

Mrudishe tu. Nitamngoja bandarini kila mashua ikifika.

Arthur


Yanonge, 16 Aprili 2024

Arthur, mwizi wewe,

Unyenyekevu wako ulikuwa chambo, na mimi mvuvi mzima nimekimeza! Barua yako ilifika nikafikiri siku tatu. Nilikwishasema moyoni: basi, apande, afanye mtihani wake, mengine tutayamaliza mbele za Mungu. Jumapili nikahubiri juu ya msamaha. Nilikuwa bado naimba wimbo wa mwisho wakati mwanangu anachukua begi lake.

Nilirudi nyumbani nikakuta kitanda kimetandikwa. Rosine ameketi anamenya ndizi. Vijana wa bandarini wanasema aliingia baleinière iliyopita saa za ibada. Haikuwa ya Papa Assumani, na hawakuijua. Nani angemtumia mashua, kama si wewe? Hukuweza kungoja. Ulitaka kushinda, si kusameheana.

Mrudishe mtoto hapa. La sivyo nitakuja na polisi, mbele ya wanafunzi wako, mbele ya samaki wako.

Émile


Mangobo, 27 Aprili 2024

Yaya,

Hayuko kwangu.

Nilikuwa bandarini kama nilivyokuahidi. Hors-session imepita. Nilisimama nje ya dirisha la kituo, mlinzi akanifukuza, nikarudi. Meza yake haikuwa na mtu. Karatasi ilikuwa juu yake, na mawe mawili yalizuia upepo usiichukue.

Nimemtafuta Mangobo yote kwa miguu, nikapanda baiskeli ya toleka mpaka huko kwa Wagenia kwa rafiki yake mmoja. Hawajamwona. Nilifikiri umemficha ili nionekane mwizi. Kama ndivyo, sema, nitakutukana kwa furaha.

Kama hayuko kwako, na hayuko kwangu, yuko wapi? Mto umejaa mwezi huu. Jibu haraka, hata neno moja.

Arthur


Isangi, tarehe 30 Juni 2024

Kwa Papa Émile, Yanonge
Kwa Tonton Arthur, Mangobo

Naandika barua moja, nimeinakili mara mbili. Msipoteze muda kulinganisha nani kaandikiwa vizuri. Ni maneno yale yale.

Niko Isangi kwa Mama mdogo Angèle, mdogo wa Mama. Mama alijua tangu siku ya kwanza, ndiye aliyeita mashua ya jirani ya Angèle ipite saa ya ibada. Papa, ulilala naye nyumba moja miezi miwili na zaidi, ukapita ukigombana na Mungu na Tonton, lakini hukumuuliza. Alisema ungemuuliza angekuambia.

Exetat imefanyika wiki hii. Niliwaona wanafunzi wa hapa wanapita na kalamu zao na vitambulisho shingoni, na mimi nikiwa nyuma ya meza ya samaki. Nililia, sitawaficha. Mama mdogo alisema: "Lia, lakini geuka upande huu, isianguke ku samaki." Nilikuwa wa kwanza darasani, na nyinyi mmenipotezea mwaka. Sitaki kusikia ni nani kati yenu aliyepoteza zaidi.

Barua za Papa nilizisoma mezani kwa Tonton, maana Tonton alikuwa anaziacha wazi ili nione ujinga wa Papa. Barua ya Tonton nilisomeshwa kwa sauti na Papa. Kwa hiyo nawajua vizuri sasa kuliko mnavyojuana.

Papa, mwaka 2009 nilikuwa mdogo, nakumbuka tu moshi na watu wengi. Lakini uliyofanya siku ile ni yale yale Tonton anayofundisha. Ulisema mbele ya wote: kama ekila ni kweli, kitatokea kitu fulani, tuangalie. Ukaweka mwili wako. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuthubutu. Halafu Nkoko, mama yenu, akafa, nawe ukaogopa kuangalia tena. Ungeangalia ungeona kwamba alikuwa anatapika damu tangu kiangazi, kabla hujaweka sufuria motoni. Mama ndiye aliyekuwa anamwosha. Anajua siku na mwezi. Naye huyo hukumuuliza. Umebeba kosa ambalo si lako, umelibeba kwa hasira, na hasira hiyo umetumwagia sisi.

Tonton, ulituandikia ubaoni: jambo kufuata jambo si ushahidi kwamba la kwanza limezaa la pili. Ukatupigia mstari chini yake mara mbili. Kisha ukachukua kalamu ile ile ukamwandikia Papa kwamba alikula na Mama yenu akafa. Ulijua si kweli. Uliandika kwa sababu linauma. Nilipofika kwenye mstari ule, sauti haikutoka, na Papa akaniambia nisiogope. Nimesoma mambo mengi kwa sauti maishani mwangu. Hilo ndilo nitakalokumbuka.

Na Fadhili. Swali lako lilisema "eleza, kisha jadili". Nilikuwa na karatasi ile ile. Fadhili alijadili. Hoja zake zilikuwa mbaya, ungeweza kuzivunja dakika mbili, na sisi wote tungejifunza kuzivunja. Ulitaka tu anyamaze.

Na kisu. Mkono wangu ulitetemeka. Hukuona, kwa sababu ulikuwa unaangalia darasa. Nimekua nikisikia kwa Papa kwamba nzombo ni samaki tu, na kwa shangazi zangu nikisikia kwamba anayemgusa anazika mtu. Nilipopasua niliwaza habari ya Mama. Hata wiki zile alipougua, niliwaza. Usiku kucha nilijiambia maneno ya ubao wako, na bado niliwaza. Wewe ukawaambia wenzangu mtoto wa pasta haogopi, wakapiga makofi, nami nikaona haya kusema kwamba naogopa.

Sasa kila asubuhi napasua nzombo wengi, tunawakausha, tunauza. Sitetemeki tena, nimezoea. Mapafu yao nayatoa na kuyatupa kwa paka. Siku nyingine nayapuliza kwanza.

Mwakani nitajiandikisha Exetat kama autodidacte, mtu wa kujisomea, hapa hapa Isangi. Sura ile ya evolution nitaisoma yote, na hoja zote zinazoipinga nazo nitazisoma, maana sitaki mtu tena anisomee. Vitabu vyangu viko Mangobo chini ya kitanda, Biblia yangu iko Yanonge. Vyote ni vyangu, nileteeni.

Lakini sikilizeni namna ya kuvileta. Mkija, mje wawili, kwenye mashua moja. Tonton apande kwanza, ashuke mpaka Yanonge, Papa aingie hapo, mketi ubao mmoja mpaka Isangi. Ni safari ndefu, mtakuwa na muda. Nikimwona mmoja peke yake bandarini, nitajua ni mashindano bado yanaendelea, na nitarudi sokoni kwa njia ya nyuma.

Papa, uliandika kwamba nilikwenda mjini na Biblia kwenye begi, kana kwamba Biblia ndiyo iliyonibeba. Tonton, uliandika kwamba nimekwisha kuchagua. Mmeandikiana kuanzia Januari. Mmetoa mitumbwi, mifupa, shoka, Mama yenu aliyekufa. Katika karatasi zote hizo nimetafuta mahali ambapo mmoja wenu ameniuliza mimi naamini nini. Sikupaona.

Mkifika, msinieleze kitu. Ketini, mtakunywa maji, halafu mniulize.

Mtoto wenu,
Déborah